Mwenye kovu msidhani kapoa: barua ya wazi kwa wakubwa wanaosimamia utafiti wa upasuaji

Wakuu wangu, shikamooni.

Nawaandikia nyie wakurugenzi wa hospitali, nyie mnaokaa kwenye kamati za maadili, nyie mnaogawa hela za utafiti, mnaohariri majarida ya kitabibu, na nyie wa wizarani ambao bila sahihi yenu hakuna kinachosogea. Mimi ni nesi wa thieta. Sijawahi kuongoza utafiti wowote. Kazi yangu ni kumpa dokta kifaa kabla hajakitaja, na kuhesabu, nahesabu gozi, nahesabu sindano, nahesabu mikasi, kabla ya kushona nahesabu tena, maana kitu kikibaki ndani ya mtu ni maisha yake hayo. Sasa kuna kitu kimoja hatukihesabu kabisa na ndicho kilichonifanya niandike, mnisamehe nikiwa mrefu.

Nina daftari langu. Nililianza miaka mingi iliyopita, siku tulipompasua mtu mwenye uvimbe ambao hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kuuona, dokta mwenyewe alikesha anasoma. Jioni nikachukua rula nikachora safu: tarehe, umri, uvimbe uko wapi, tulidhani ni nini, tulifanya nini, patholojia, yaani maabara inayopima nyama iliyokatwa, ilisema nini. Safu ya mwisho nikaiandika "baada ya mwaka". Tangu hapo kila akija mgonjwa wa ugonjwa usio wa kawaida, zile saratani unazokutana nazo mara moja kwa miaka kadhaa, yale maambukizi tuliyoyasikia chuoni tu tukayasahau, namuandika, bila jina, namba tu, na daftari nalifungia. Leo nikilifungua safu zote zimejaa wino isipokuwa ile ya mwisho, yenye mstari mmoja tu nitakaowaeleza mwishoni. Nyeupe. Unafunua ukurasa, nyeupe, unafunua mwingine, nyeupe.

Niwaambie siku iliyoniuma zaidi. Mgonjwa yuko mezani, ameshalala nusu kaputi, ana sakoma ya paja, saratani adimu inayoota kwenye nyama au mifupa, picha zilionyesha hivi ila tulipofungua tukakuta vingine, uvimbe umeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu. Alikuwa ameshasaini kwa yote mawili, kukatwa mguu au kuachiwa, alisema dokta ataamua akishaona. Basi dokta kasimama pale anafikiria, auondoe mguu mzima, au atoe uvimbe aunge mshipa mguu ubaki na hatari ya ugonjwa kurudi. Akanigeukia, "Sista, yule kijana wa kipindi kile, mwenye kitu kama hiki hiki, si tulimwachia mguu? Aliishia wapi?" Nikamwambia sijui dokta. Akamuuliza mtu wa usingizi, hajui. Akamuuliza msaidizi wake, huyo hata hakuwepo enzi hizo. Ikabidi aamue kwa anavyoona yeye, na simlaumu, ni mtu makini sana, ila kilichonikaa kooni ni kwamba swali lile tulikuwa tumeshaliuliza kwa mwili wa mtu, jibu lilikuwepo, lilitoka pale mlangoni limelala kwenye kitanda cha magurudumu na hakuna aliyelifuata.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi tunadhani, tena kwa maandishi. Nyuzi zikitolewa na kidonda kikikauka faili linaandikwa "hali nzuri, ameruhusiwa", na kwa ugonjwa wa kawaida labda sio shida sana kwa sababu kuna maelfu ya wengine waliofuatiliwa mahali pengine, daktari anafungua mwongozo anasoma. Kwa ugonjwa adimu hakuna maelfu. Kuna huyu, na yule wa miaka minne iliyopita, na mwingine yuko hospitali ya nchi jirani ambaye hatutamjua kamwe. Ukimpoteza mmoja umepoteza sehemu kubwa ya kila kinachojulikana.

Na kinachojulikana kinaweza kuwa kibaya kwa muda mrefu sana bila mtu kushtuka. Chukueni kidonda cha Buruli. Jina limetokana na eneo la Buruli kule Uganda, lakini ugonjwa umeripotiwa kwenye nchi zisizopungua 33, mpaka Australia. Bakteria wake ni ndugu na wa kifua kikuu na wa ukoma, anaanza kama kinundu kisichouma, alafu ngozi inaoza chini kwa chini kwa sababu ya sumu anayoitoa, na sumu hiyo hiyo inaua maumivu ndio maana watu wanachelewa, na barani Afrika karibu nusu yao ni watoto. Kwa miaka na miaka matibabu yalikuwa kisu. Unakata kidonda, unakata na nyama nzuri inayokizunguka ili usiache mdudu, kisha unabandika ngozi kutoka pajani. Watoto walikaa wodini miezi, wengine wakatoka na viungo vilivyojikunja. Mwaka 2004 ndipo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kutumia antibayotiki mbili kwa wiki 8, rifampisini ya kumeza na streptomaisini ya sindano, na ikaonekana kidonda kinaweza kupona kwa dawa.

Lakini stori haiishii hapo na sehemu inayofuata ndio naipenda zaidi. Mtu akianza dawa, wakati mwingine kidonda kinazidi kuwa kibaya kwanza. Kinavimba, kinatokea kingine pembeni. Sumu imepungua, kinga ya mwili imeamka na inapigana, sasa anayeangalia kwa macho anasema dawa imeshindwa, mpelekeni thieta. Watafiti Benin wakauliza swali ambalo mimi naliona la heshima kabisa: je tukisubiri? Wakagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kundi moja uamuzi wa kupasua ufanyike wiki ya 8 kama ilivyozoeleka, kundi lingine wiki ya 14. Matokeo yakatoka 2018, waliosubiriwa walihitaji upasuaji wachache zaidi, na kusubiri hakukuwadhuru. Maana yake kuna watu waliokatwa kabla ya hapo ambao wiki sita tu zingewaokoa na kisu. Kisha 2020 yakatoka matokeo ya jaribio lililofanyika Ghana na Benin, dawa zote mbili za kumeza, rifampisini na klarithromaisini, zinaponya sawasawa na zile zenye sindano, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walipona kwenye makundi yote mawili. Streptomaisini inaweza kumharibu mtu masikio, sasa fikirieni mtoto anayepona kidonda akabaki haisikii sauti ya mama yake. Hayo yote yamejulikana kwa sababu kuna mtu alikaa akafuatilia mpaka mwaka mzima uishe ndio akaandika "amepona".

Najua kuna watakaosema huo ni ugonjwa wa maambukizi, saratani ni kitu kingine. Haya. Uvimbe unaoitwa GIST, unaoota kwenye ukuta wa tumbo na utumbo, zamani ulikuwa na tiba moja tu nayo ni kuukata, ukirudi au ukisambaa basi, kemo za kawaida, zile dawa kali za saratani, hazikuufanya kitu. Mwaka 2000 kule Helsinki, Finland, mwanamke mmoja ambaye upasuaji ulikuwa umeshindwa kumaliza ugonjwa wake alipewa imatinibu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu. Uvimbe ukanywea. Mmoja tu huyo. Lakini walimpima kabla, wakampima baada, picha, sampuli, kila kitu, wakaandika na kuchapisha 2001, na 2002 dawa ilikuwa imeshaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo. Baadaye swali likawa ukishakatwa unywe kwa muda gani, wakaandikishwa wagonjwa 400 kutoka nchi za Nordiki na Ujerumani, wengine mwaka 1 wengine miaka 3, na waliokunywa miaka 3 waliishi zaidi. Nami nina mgonjwa mmoja mmoja kwenye daftari langu, wengi tu, na sina hata mmoja ninayeweza kuwaambia uvimbe wake ulinywea au haukunywea.

Sasa niseme jambo gumu kidogo, na nalisema kwa heshima kwa madaktari wangu ambao nawapenda. Kwenye upasuaji tuna ugonjwa wa kuamini mikono. Upasuaji ukionekana mzuri, ukienda bila damu nyingi, mtu akaamka, tunatoka tunashikana mabega. Halsted, daktari wa upasuaji wa Marekani, alifundisha kukata titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani tangu mwisho wa karne ya 19, na akili ilikubali, ukikata kingi unaacha kidogo. Ikafika 1971 ndipo daktari Bernard Fisher na wenzake wakaanza jaribio la kulinganisha na upasuaji mdogo zaidi, wanawake 1,665, wakawafuata miaka 25, matokeo ya mwisho yakachapishwa 2002: hakuna tofauti ya kuishi. Saratani ya titi ina wagonjwa wengi kuliko nyingi na bado ilichukua muda huo wote. Sasa ile yenye mgonjwa mmoja kwa mwaka itachukua muda gani kama tunaendelea hivi?

Na msidhani ni mambo ya zamani. Upasuaji wa matundu madogo kwa saratani ya shingo ya kizazi ulienea kila mahali, kovu dogo, mtu anarudi nyumbani haraka, nani angeupinga, mimi mwenyewe niliusifia. Jaribio la LACC lilipotoka 2018, wanawake 631, waliofanyiwa kwa matundu madogo ni asilimia 86 tu waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 4 na nusu, waliofunguliwa tumbo ni asilimia 96.5. Mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbestosi, hiyo ni adimu kweli, madaktari wa Uingereza walifanya jaribio la MARS 2, wagonjwa 335, nusu wakapewa kemo peke yake nusu kemo pamoja na operesheni kubwa ya kubandua ule utando. Matokeo yalichapishwa 2024. Waliopasuliwa waliishi miezi 19.3 kwa wastani wa katikati, yaani nusu yao walizidi hapo, wasiopasuliwa 24.8. Kuna madaktari bado wanabishana juu ya matokeo hayo na wana haki ya kubishana, ila angalau wana kitu cha kubishania.

Neno ninalosikia kila nikilitaja hili ni kwamba wagonjwa ni wachache, huwezi kufanya utafiti. Wakuu wangu, neno hilo limechoka. Ulaya saratani inaitwa adimu ikiwa na wagonjwa wapya chini ya 6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na ukizijumlisha zote hizo adimu zinapita saratani 1 kati ya kila 5. Huwezi kuwaambia watu wengi kiasi hicho kwamba wao ni wachache mno kuhangaikiwa. Saratani ya mifupa ya osteosakoma, inayopiga sana vijana wanaokua, iliandikisha wagonjwa 2,260 kutoka nchi 17 kwenye jaribio moja, EURAMOS-1, na ikajibu swali lake, kwamba kuongeza dawa zaidi kwa wale ambao uvimbe wao haukuitikia vizuri kabla ya upasuaji hakukuwasaidia, kuliwaongezea madhara tu. Sakoma za nyuma ya tumbo ni adimu zaidi ya hapo, jaribio la STRASS lilikusanya watu 266 kutoka nchi 13 kwa miaka mitano na kitu, kujua kama mionzi kabla ya upasuaji inasaidia, na kwa jumla haikuonekana kusaidia. Miaka mitano watu wanasubiri mgonjwa mmoja mmoja, huku watatu, kule wanne. Uvumilivu huo ndio nauomba.

Na msiseme ni mambo ya nchi tajiri tu. Kuna jaribio moja linaloitwa ChEETAh, mimi nesi nililisoma nikafurahi mno maana swali lake ni swali la meza yangu: kabla ya kushona tumbo, timu ikibadilisha glovu na kuchukua vifaa visafi, usaha unapungua? Hospitali 81 kwenye nchi 7, zikiwemo Benin, Ghana, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini, wagonjwa 13,301, wakafuatiliwa siku 30. Vidonda vilivyopata maambukizi vilishuka kutoka asilimia 18.9 mpaka 16.0. Glovu! Hakuna mashine mpya wala dawa mpya. Hilo halikuwa la ugonjwa adimu najua, nalitaja kwa sababu linaonyesha hospitali za kawaida zenye foleni za kawaida zinaweza kufuatilia watu elfu kumi na tatu, kwa hiyo mimi nikiomba tufuatilie watu wawili kwa mwezi sidhani nimeomba makubwa.

Pia maambukizi adimu yanayohitaji kisu ndiyo yaliyosahaulika kabisa, hata kuliko saratani. Uvimbe wa tegu la mbwa kwenye ini, kuna anayeukata, kuna anayeuchoma sindano na kuunyonya kwa kufuata altrasaundi, kuna anayetoa dawa ya minyoo ya albendazole, kuna anayeuangalia tu bila kuugusa kama umeshakauka, na ukiuliza kwa mgonjwa huyu hasa ipi ni bora mara nyingi jibu linategemea umefika kwa nani. Maisetoma nayo, kuvu au bakteria wanaingia kupitia mwiba, mguu unavimba pole pole unatoa chembechembe kama mchanga, dawa za miezi na miezi, operesheni, inarudi, operesheni tena, mwisho mguu unakatwa. Iliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa ya Shirika la Afya Duniani 2016. Mwaka uliofuata Kituo cha Utafiti wa Maisetoma cha Khartoum, alichokianzisha Profesa Ahmed Hassan Fahal, kikaanza jaribio la dawa ambalo ni la kwanza la aina yake kwa maisetoma ya kuvu, wagonjwa 104, fosravukonazoli ya mara moja kwa wiki dhidi ya itrakonazoli ya kila siku, na upasuaji katikati ya matibabu. Wakalimaliza, likachapishwa 2024. Wakati linachapishwa vita ya Sudan ilikuwa imeshaanza tangu Aprili 2023, na kituo chenyewe kikaja kuharibiwa, pamoja na kumbukumbu za wagonjwa za miongo. Nilipoisoma habari ile nilikaa chini. Safu zao za mwisho zilikuwa zimejaa, na zikaenda. Rejista ya ugonjwa adimu isikae kwenye jengo moja, nakala iwe nchi nyingine, hilo liandikwe kwenye kila mkataba wa utafiti kuanzia leo.

Basi niseme ninachowaomba, kila mtu lake.

Wakurugenzi, nipeni mtu mmoja, simu moja na masaa machache kwa wiki. Kila mgonjwa adimu anayetoka thieta achukuliwe namba yake na namba za ndugu wawili, maana simu zinapotea, laini zinabadilishwa, na ndugu mmoja anaweza kuwa ndiye aliyegombana naye. Apigiwe baada ya miezi mitatu, baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitano. Aulizwe yuko hai, anatembea, anafanya kazi, uvimbe umerudi, kuna maumivu gani. Maswali matano. Na vile vibloko vya nta vinavyohifadhi vipande vya uvimbe uliokatwa visitupwe kwa sababu kabati limejaa, nawaombeni sana, saratani adimu mara nyingi inaitwa jina lisilo lake mara ya kwanza, na mtaalamu anayeijua akiangalia tena kibloko kile kile matibabu yote yanaweza kubadilika. Kibloko kikitupwa hakuna wa kuangalia tena.

Kamati za maadili, najua mnalinda watu na sitaki mlegeze hata uzi mmoja. Ila ugonjwa wenye wagonjwa wawili kwa mwaka kwa kila hospitali unahitaji hospitali nyingi, na kila hospitali ikitaka fomu yake, na kila nchi irudie mapitio yale yale mwanzo mwisho, wagonjwa wanakufa faili liko mezani linasubiri kikao kijacho. Kaeni na wenzenu wa nchi nyingine mkubaliane mapitio ya pamoja kwa magonjwa haya. Na zile fomu za ridhaa zisomeke. Nimeona mtu anasaini kurasa nyingi usiku wa kuamkia upasuaji, mkono unatetemeka, hajui kwamba ameombwa ruhusa ya kupigiwa simu baada ya mwaka au ya sampuli yake kutumika nje ya nchi. Muelezeni mapema, kwa lugha anayoota nayo ndoto, na akikataa kugawiwa kwa bahati nasibu akubaliwe bila kununiwa na bado aandikwe kwenye rejista kama ataridhia hilo.

Mnaotoa hela, hapa naomba mnisikilize vizuri. Dawa mpya ina kampuni nyuma yake inayotaka ijaribiwe ili iuzwe. "Usikate", "subiri wiki sita", "kata kidogo" havina kampuni. Hakuna anayepata faida mgonjwa akiachiwa mguu wake. Kwa hiyo maswali ya kisu yasipolipiwa na nyie hayatalipiwa na mtu yeyote. Na mkilipia, lipieni mpaka mwaka wa tano, msilipie kuandikisha wagonjwa tu kisha mradi unafungwa, kompyuta inarudishwa, na aliyekuwa anapiga simu anaambiwa asante kwa kazi nzuri wakati wagonjwa wake ndio kwanza wanaanza kurudiwa na ugonjwa.

Wahariri, nimeona ripoti nyingi za mgonjwa mmoja, picha ya uvimbe mkubwa kwenye trei, rula pembeni, kisha "mgonjwa aliruhusiwa siku ya kumi akiwa na hali nzuri". Siku ya kumi! Msipokee hiyo mpaka kuwe na mwaka, na mkipokea waliopona pokeeni na walioshindikana. Azimio la Helsinki lenyewe, ule mwongozo wa maadili ya utafiti kwa binadamu, linadai majaribio yasajiliwe kabla ya mgonjwa wa kwanza na matokeo yatolewe hadharani hata yasipokuwa mazuri. Kwa magonjwa haya ripoti ya kushindwa ina thamani kuliko ya kufaulu, inamzuia dokta mwingine asiye na wa kumuuliza asirudie kile kile.

Nimalizie na kitu nilichofanya mwenyewe. Yule mgonjwa wa sakoma ya paja, siku ile dokta aliamua kumwachia mguu. Nilichukua namba ya simu iliyokuwa kwenye faili lake, na ulipotimia mwaka nikaomba ruhusa kwa dokta nikapiga. Akapokea kaka yake. Nikajitambulisha, nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Akanyamaza kidogo, akaniambia marehemu alifariki miezi mitatu nyuma. Nikampa pole, nikataka kukata simu maana nilishikwa na aibu, kumbe yeye ndiye hakutaka nikate. Aliongea muda mrefu sana. Kwamba mguu ulimsaidia, alitembea mwenyewe miezi mingi, alienda na kurudi popote alipotaka. Kwamba alianza kukohoa na hakuna aliyewaambia kikohozi kinaweza kuwa ni ugonjwa umefika kwenye mapafu, wakatibu kifua kama kifua cha kawaida, mwezi, miezi miwili. Kwamba mwishoni alikuwa anaumwa usiku zaidi ya mchana. Akaniuliza, "Sasa sista, mlikuwa mnajua itakuwa hivi?" Nikamjibu kwamba hatukujua. Akasema, "Basi andika, wa mbele yake wajue kuhusu kikohozi."

Nimeandika. Ni mstari mmoja kwenye ile safu, na dokta nilimsomea, na tangu siku hiyo kila mgonjwa wa sakoma anayetoka kwetu anaambiwa kuhusu kikohozi kabla hajavaa viatu. Simu moja hiyo, niliyopiga wakati wa mapumziko kwa simu yangu mwenyewe.

Alhamisi tuna mwingine kwenye orodha. Nimeshachora mstari wake, namba za ndugu wawili ninazo, dada yake na mtoto wake mkubwa, na wameniruhusu kupiga. Nasubiri mnijibu kama nitakuwa na simu ya kupigia.

Wenu katika kazi,
nesi wa thieta